Maneno Yanaingia, Tuni Inatoka: Kuhusu Mganda ya Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Katika semina zetu za fasihi simulizi kuna swali linaloibuka kila mwaka na kila mwaka linapita bila jibu: je, sanaa isiyotumia maneno ina nafasi gani katika somo letu? Kwa kawaida mtu mmoja hutaja ngomezi, wengine hutikisa vichwa kuonyesha kwamba wamesoma, kisha tunarudi kwenye methali na vitendawili, huko ambako tuko salama. Makala haya yanakusudia kulirudia swali hilo kwa kutumia ngoma moja tu, nayo ni mganda, inayochezwa na wanaume katika milima ya Umatengo wilayani Mbinga na katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, toka Lituhi kushuka Liuli hadi Mbamba Bay. Ieleweke mapema kwamba mganda hii haina uhusiano na mtu wa Uganda, maana kila ninapoitaja bwenini hakosekani mjanja wa kuuliza hilo.

Nimeichagua kwa kuwa natoka huko, sitaficha. Lakini sababu kubwa ni kwamba mganda imedharauliwa mara mbili. Watu wa fasihi wameiacha kwa sababu vibuyu havitamki neno. Watu wa utamaduni wameitilia shaka kwa sababu gwaride lake na soksi zake ndefu zinanuka ukoloni. Mimi naona dharau zote mbili zinatoka mahali pamoja: wanaohukumu wameitazama mganda, hawajaisikiliza.

Kwa asiyewahi kuiona, huchezwa na kikundi cha wanaume waliojipanga safu kama askari. Nguo ni nyeupe, au angalau za kufanana: shati lililopigwa pasi, kaptula, soksi hadi chini ya goti, viatu vilivyong'arishwa. Wengine hushika usinga, wengine fimbo fupi kwapani kama bwana mkubwa anayekagua. Hatua ni ndogo, za maringo. Mwili unainama kidogo, unageuka upande huu, unageuka upande ule, na safu nzima inageuka pamoja. Hakuna anayerukaruka. Kuna ngoma moja kubwa yenye mshindo mzito, na kuna vibuyu. Kikundi kina vyeo vyake: kingi, meja, kapteni, sajini, hata daktari, na wenye vyeo hivyo huongoza, hukagua unadhifu na hutuliza ugomvi. Ng'ambo ya ziwa, kaskazini ya Malawi, ngoma hiyohiyo hujulikana zaidi kwa jina la malipenga, na mtu wa Mbamba Bay akivuka hadi Likoma akasikia vibuyu, hahitaji mkalimani.

Ala yenyewe inastahili maelezo, kwa sababu hoja yangu yote imo ndani yake. Kibuyu kinatobolewa tundu la kuimbia na kinaachiwa mdomo wa kutolea sauti, kisha tundu jingine dogo linafunikwa kwa utando mwembamba. Zamani utando huo ulitokana na kifuko cha mayai ya buibui. Siku hizi karatasi nyepesi au kipande cha nailoni hufanya kazi hiyo. Vibuyu vidogo vina sauti nyembamba, vikubwa vinanguruma. Sasa, jambo ambalo wengi hawalijui: kibuyu cha mganda hakipulizwi. Ukikipuliza kama filimbi kitabaki kimya kama kibuyu. Lazima uimbe ndani yake. Sauti yako ndiyo inayoutikisa utando, na utando ndio unaoibadili sauti kuwa mlio mkali wenye mkwaruzo kama wa tarumbeta. Ukiimba maneno, maneno yanaingia lakini hayatoki. Kinachotoka ni tuni. Sehemu nyingi za Afrika utando wa namna hii ulitumika kuigeuza sauti ya mtu awe sauti ya mzimu au ya kinyago, ili asijulikane. Kwa hiyo tunaposema mganda "haina maneno" tunasema jambo la nusu. Haina maneno kwa msikilizaji. Kwa mpigaji, pengine anayo mdomoni muda wote.

Historia yake wanahistoria wanaiunganisha na beni. Beni, yaani bendi, ilianza katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890, ambako vikundi vya watu wa mji mmoja vilishindana kwa matarumbeta, gwaride na mavazi. Ikateremka Tanga na Dar es Salaam, na Tanganyika ikawa na pande mbili mashuhuri, Marini na Arinoti, Marini wakijiona wastaarabu zaidi na Arinoti wakiwa ni wa watu wa kawaida. Terence Ranger ameyaeleza haya kwa kirefu katika kitabu chake cha 1975 kuhusu beni, na sina haja ya kuyarudia yote. Kinachotuhusu ni namna jambo la pwani ya bahari lilivyofika pwani ya ziwa.

Lilifika kwa vita. Na watu wa mwambao wetu hawakuisikia Vita Kuu ya Kwanza kwa mbali. Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, ilikuja hadi Liuli, ambako Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe la pale linalofanana na Sphinx ya Misri, ikaipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita imeanza. Rhoades alikuwa rafiki yake wa kunywa naye, basi akamwendea kwa mashua akifoka. Kisa hiki kinapendwa sana na waandishi wa Ulaya, na kweli kinachekesha. Kinachotajwa kwa nadra ni watu waliokuwa wakitazama toka ufukweni, ambao baada ya muda mfupi walianza kubebeshwa mizigo. Kila jeshi lilitaka wapagazi, na waliochukuliwa walikuwa maelfu kwa maelfu. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni kumbukumbu yao hadi leo. Wengine waliingia jeshini kabisa. King's African Rifles, yaani KAR, iliyoundwa 1902, tangu mwanzo ilikuwa na vikosi vya watu wa Nyasaland, na jeshi la Wajerumani nalo lilikuwa na askari wake weusi. Pande zote mbili ziliamka kwa baragumu, zikatembea kwa bendi na zikazika kwa baragumu.

Waliobaki hai walirudi vijijini na gwaride, vyeo na tuni, ila hawakurudi na matarumbeta. Tarumbeta ni mali ya serikali, inatunzwa stoo. Kibuyu kinaota nyuma ya nyumba. Hivyo ndivyo bendi ya shaba ilivyopata mwili mwingine, na kufikia mwaka 1945 A. M. Jones alikuwa tayari ameandika makala nzima kuhusu mganda kama ngoma inayojitegemea. Tuni nazo hazikubaki za jeshi tu. Kwenye milima Wabenediktini walikuwa wamekwisha kujenga misheni zao, toka Peramiho mwaka 1898, na ziwani Waanglikana wa UMCA walipita na meli zao, Charles Janson na baadaye Chauncy Maples. Askofu Mkuu Msaidizi Johnson, kama wazee wanavyopenda kumkuza cheo (alikuwa Archdeacon), alifia Liuli mwaka 1928 na kaburi lake liko pale. Kila misheni ilikuja na kitabu cha nyimbo. Kila shule ikawa na wimbo wa kuingia darasani na wa kutoka. Watu waliokwenda kufanya kazi Rhodesia na migodini kwa Wenela wakarudi na nyingine. Mpiga kibuyu alikuwa na ghala.

Sasa wahakiki. J. Clyde Mitchell, katika kitabu chake cha 1956 kuhusu ngoma ya kalela huko Luanshya kwenye ukanda wa shaba, aliijadili pia beni, akaiona kama maigizo ya jamii ya Wazungu: watu waliofungiwa nje ya hadhi wanajionjesha hadhi hiyo kwa mavazi na vyeo. Ranger hakukubali. Alionyesha kwamba mashindano yenyewe, vyama vyenye pande mbili, majivuno ya mavazi na vyeo vya kujipa, vilikuwa na mizizi katika ngoma za miji ya Waswahili, na kwamba watu walichukua bendi kama walivyokuwa wakichukua kila kitu kipya, kwa kuwashindia wenzao na wala si kwa kuwaabudu Wazungu. Nasimama na Ranger. Lakini hata yeye, mwanahistoria kwelikweli, anasoma vyama, viongozi, mafaili ya polisi na barua za wamisheni. Tuni zenyewe hazimshughulishi sana. Wote wawili wanajadili kaptula.

Na sisi wenyewe tuliporithi mjadala huu tuliurithi na kaptula zake. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza bungeni kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba ile maarufu alisikitika kwamba wasomi wa Kiafrika walifundishwa kucheza rumba, chachacha, twist na waltz, wakapiga gitaa na piano, ilhali hawakuwahi hata kuzisikia ngoma kama gombesugu, mangala, kiduo au lelemama. Hotuba ile ilikuwa ya lazima wakati wake, na anayeibeza leo hajui kasumba ilikuwa kitu gani. Lakini katika orodha ya ngoma alizozitaja mganda haimo, na sidhani ni bahati mbaya. Ingewekwa upande gani? Upande wa twist, au upande wa lelemama? Imezaliwa na bendi ya jeshi la mkoloni, na imezaliwa kijijini kwa kibuyu na utando wa buibui. Tangu hapo, kila ngoma inapopangwa kuwa "ya asili" au "ya kuiga", mganda husimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, na soksi zake nyeupe.

Niruhusu, ndugu msomaji, nivuke bahari kidogo, kwa sababu mwaka uleule wa 1962, California, Marekani, kulikuwa na vijana waliokuwa wakifanya jambo ambalo mtu wa Liuli angelielewa bila shida. Walikuwa wakipiga muziki wa sarfu (si sarufi, ndugu zangu wa isimu), muziki wa wale wanaoteleza juu ya mawimbi ya bahari kwa ubao. Kundi la Beach Boys liliimba kuhusu mchezo huo, lakini sarfu yenyewe ilianza bila waimbaji: magitaa ya umeme, ngoma, na kisanduku cha mwangwi cha kampuni ya Fender kinachofanya mlio wa gitaa uwe kama umeloa maji. Mwaka 1962 Dick Dale, ambaye baba yake alikuwa na asili ya Lebanon, alirekodi "Misirlou". Tuni hiyo haikuwa yake. Ilikuwa tuni ya zamani ya mashariki ya Mediterania, Wagiriki walikuwa wameirekodi tangu miaka ya 1920, na jina lake lina maana ya binti wa Misri. Dale aliondoa maneno, akaikimbiza mbio kama pikipiki, ikawa wimbo wa ufukweni. Wengi wetu tunaijua kwa sababu ya filamu ya Pulp Fiction ya 1994, au kwa sababu ya Black Eyed Peas waliokuja kuichukua tena, bila kujua kwamba tunasikiliza Misri iliyopitia Ugiriki na Lebanon.

Kuna mfano mwingine unaonipendeza zaidi kwa utundu wake. Mwaka 1965 kundi la Ventures lilitoa albamu ya Krismasi isiyo na maneno. Kila wimbo wa Krismasi ulichomekewa vipande vya nyimbo nyingine zilizokuwa zikivuma redioni wakati ule, hivyo msikilizaji anadhani anasikia wimbo wa dansi, ghafla, la, ni wimbo wa Noeli, kumbe vyote viwili. Mzaha huu hauwezi kufanyika kwa maneno. Ukiweka maneno ya Noeli umeua dansi, ukiweka ya dansi umeua Noeli. Kwa kuyaondoa yote, nyimbo mbili zinaweza kukaa kiti kimoja kichwani mwa msikilizaji, na yeye ndiye anayecheka kwa kuwa ndiye aliyezijua zote mbili.

Linganisha na taarabu. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alisifika kwa kuchukua tuni za filamu za Kihindi na kuzitilia mashairi ya Kiswahili. Hapo tuni inaazimwa, maneno yanabadilishwa, na msikilizaji wa Mombasa asiyejua Kihindi hapotezi kitu. Mganda na sarfu zinafanya kinyume. Zinaazima tuni na kuyaacha maneno ya zamani mahali pake, kichwani mwako, yafanye kazi kimyakimya. Ukitaka kujaribu, mpigie Mtanzania tuni aliyoitunga Enoch Sontonga mwaka 1897. Atasimama wima na moyoni ataimba "Mungu Ibariki Afrika". Mpigie Mzambia tuni ileile, naye atasimama, ila moyoni mwake mna maneno mengine na nchi nyingine. Ala haikusema lolote. Kila mmoja amesema mwenyewe.

Sasa nirudi ziwani. Likizo moja nilifuatana na kikundi cha kijijini kwetu kwenda kucheza kijiji cha jirani, mwendo wa asubuhi nzima kwa mguu kando ya ziwa. Mganda huchezwa hivyo, kwa kualikana. Wageni wanaingia kwa gwaride, wenyeji wanawapokea kwa gwaride, wanashindana mchana kutwa na wenyeji ndio wanaolisha. Vibuyu vyetu vilipoingia uwanjani vilikuwa vinapiga tuni ya haraka, ya kuchangamsha kabisa, na miguu ikawa inaijibu ngoma kubwa. Nikaona akina mama wa pale wanashikana mikono wanacheka, mmoja hadi akajifuta machozi kwa khanga. Nikamwuliza mzee aliyeketi karibu nami, "Shikamoo babu. Wanacheka nini?" Akaniitikia, akanitazama kwa huruma. "Mjukuu wangu, wewe huendi kanisani? Hao wenzako wanasema wamekuja kutuzika."

Ilikuwa tuni ya wimbo wa mazishi. Nilikuwa nimeuimba makaburini si mara moja, lakini kwa mwendo wa pole, na kwa mwendo ule wa gwaride sikuutambua. Wenyeji hawakukawia. Ilipofika zamu yao, vibuyu vyao vilipiga wimbo ambao watoto wa shule huimba mstarini saa ya kuagana, kabla ya kwenda nyumbani. Hapo hata mimi nilielewa, na wachezaji wetu nao wakaelewa, kingi wetu akaukunja uso kwa kujikaza asicheke. Wageni hawajapewa hata maji, tayari wanaambiwa saa ya kwenda nyumbani imefika. Mchana kutwa uliendelea hivyo. Hakuna aliyetukanwa, maana hakuna aliyetamka neno. Kama mtu angekwenda kushitaki kwa mwenyekiti wa kijiji, angeshitaki nini? Kwamba wamepiga wimbo wa kanisa?

Ninachotaka wahakiki wenzangu wakione hapa ni ufundi tunaoujua sana kwenye maandishi. Kuna matini ya zamani inayojulikana na wote. Kuna kuibadili, hapa kwa mwendo tu, toka mazishini hadi gwaride. Kuna kuipachika mahali pasipo pake na wakati usio wake, na maana mpya inazaliwa kwenye huo mpachiko. Mwandishi wa riwaya akifanya hivyo na Biblia tunamwandikia tasnifu. Mpiga kibuyu akifanya hivyo tunaandika kwamba ngoma iliambatana na ala.

Na hapa ndipo ngomezi inapokuja. Mulokozi katika makala yake ya mwaka 1989 katika Mulika aliipa ngomezi kiti chake miongoni mwa tanzu za fasihi simulizi, jambo zuri sana. Ngomezi inafahamika kwa kuwa milio ya ngoma inafuata kupanda na kushuka kwa toni za lugha. Ngoma inasema kwa lugha ya wasikilizaji wake. Mganda haiwezi kutegemea hilo. Uwanja mmoja una Wamatengo, Wanyasa, Wamanda, Wangoni na mwalimu aliyehamishiwa toka Singida. Lugha ni nyingi, toni hazilingani. Wanachoshirikiana ni kitabu cha nyimbo, mstari wa shule na redio. Kwa hiyo vibuyu vinasema kwa tuni za kuazima, kwa sababu tuni za kuazima ndizo za wote. Hapa lile neno "kuiga" linageuka. Tuni ya mgeni haikuchukuliwa kwa kukosa ya kwetu. Ilichukuliwa kwa sababu kila mtu uwanjani anaijua na hakuna kabila linaloweza kudai ni yake. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walikwisha kutufundisha tangu 1976 kwamba sanaa hizi haziwezi kutenganishwa na tukio na hadhira yake. Mimi naongeza tu kwamba katika mganda hadhira ndiyo yenye maneno.

Tusitie chumvi. Si kila tuni ni kejeli. Mara nyingi kikundi kinapiga tuni fulani kwa kuwa ni tamu na inatembea vizuri na ngoma kubwa, basi. Unadhifu nao ni raha inayojitosheleza. Mtu aliyekuwa shambani wiki nzima anaposimama na soksi nyeupe hahitaji nadharia ya Mitchell ili ajione amependeza. Tena mzaha hukosea njia. UMCA ziwani ilifundisha kwa Kinyanja, wamisheni wa milimani kwa Kiswahili, na ipo mitego ambapo tuni moja ina maneno haya kwa Waanglikana wa chini na mengine kabisa kwa Wakatoliki wa juu. Wazee wananieleza kwamba kikundi cha milimani kikishuka ziwani huwa kinauliza kwanza, kwa siri, tuni hii kwenu ni ya nini. Na wakati mwingine wenyeji wanadanganya makusudi.

Katika miaka ya 1990 mtafiti Stephen Hill alifanya kazi Umatengo, na makala yake moja katika kitabu cha Mashindano!, kilichotoka mwaka 2000, ina jina la Kiswahili: "Mchezo umelala". Ya mwaka uliofuata, katika jarida la Africa Today, inauliza kwenye kichwa chake kama mganda imekufa. Hill anaihusisha hali ya ngoma na uchumi, na kwa mtu wa Mbinga hilo halina ubishi. Mganda ni ghali. Viatu, soksi, mashati ya kufanana, na zaidi ya yote chakula na pombe ya wageni. Milimani fedha hizo zilitoka kwenye kahawa. Soko la kahawa lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, kisha bei ya dunia ikaporomoka kuelekea 2001, mwaliko wa kijiji kizima ukawa deni. Kwaya haidai kulisha watu mia. Wala disko. Vijana wakaelekea huko, na mimi siwalaumu, maana nami nilikuwa kwaya kabla ya kuingia chuo.

Lakini kulala na kufa si neno moja. Nilikoona mimi, mganda inalala mwaka, miaka miwili, kisha mavuno yakiwa mazuri mtu anafuta vumbi kwenye ngoma. Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na baadaye lami ikafika hadi Mbamba Bay, vikundi vilipata kazi mpya ya kupokea wageni wa serikali. Hapo ninahofu kidogo. Mgeni anayetoka Dodoma anapewa dakika tano za mganda, anapiga makofi, anapiga picha za soksi. Tuni waliyompigia haijui. Au anaijua na hakuitambua. Nimekwisha kushuhudia mapokezi ya namna hiyo ambapo uwanja mzima ulikuwa ukijizuia kucheka, na mheshimiwa akatabasamu akidhani ni furaha ya kumwona. Sitaandika ilikuwa tuni gani, kwa kuwa kikundi kile bado kinaalikwa.

Tatizo linalobaki ni la kwetu hapa chuoni, nalo ni la uandishi. Kioda, ngoma ya akina mama wa kulekule, ina maneno, kwa hiyo imekuwa rahisi kuletwa darasani: unarekodi, unanukuu, unachambua dhamira, unapata alama. Mwaka huu nilileta mganda, tuni tisa nilizorekodi kwa simu, nikaulizwa maandishi yako wapi. Swali halali. Nimejaribu kuyatengeneza hivi: safu ya kwanza nimeandika tuni kwa nota za do-re-mi kama wanavyofanya wanakwaya, safu ya pili mahali na wakati ilipopigwa na nani alikuwa mbele yake, safu ya tatu maneno waliyosema wasikilizaji kwamba wameyasikia. Safu hiyo ya tatu imenisumbua. Kwa tuni moja bibi wa Liuli alinipa ubeti wa Kinyanja, mwalimu mstaafu wa Mbinga akanipa wa Kiswahili usiohusiana nao hata kidogo, na kijana wa bodaboda akasema ni tangazo la redio. Nikamfuata aliyeipiga, nikamwomba aniambie anaimba nini mle ndani ya kibuyu. Alicheka, akapangusa utando kwa kidole, akasema hayo ni yake na kibuyu chake. Basi safu nimeikusanya kwa wasikilizaji watatu watatu kwa kila tuni, wawili wa ziwani na mmoja wa milimani, na kwa tuni nne kati ya tisa hawakubaliani.